Rwegasira au Lwegasira? Daftari la parokia, karatasi za Vilna na shangazi aliyetoka Masaka

Najua nimepotea. Nilikuwa TP huku Muleba, wiki nane za chaki, matoke na baridi ya Kamachumu, na mtandao wenyewe wa kusuasua. Wengine mmenipigia kuuliza kama ni kweli nimefukuzwa kanisani. Jamani, sijafukuzwa. Nimekemewa tu, tena kwa haki kabisa. Kisa chenyewe kirefu na kina historia ndani yake, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Nilipewa kidato cha kwanza, somo la historia. Mnakumbuka ile mada ya vyanzo vya historia: masimulizi, mabaki ya kale, maandishi, makumbusho. Sote tuliikariri, tukaijibia mtihani, tukaisahau. Mimi nikajifanya mbunifu. Nikawaambia wanafunzi waandike jina lao, la baba, la babu, la baba yake babu, waende mpaka watakapokwama. Nilidhani nitapata orodha ndefu ndefu maana Wahaya tunajisifu kwa koo na miziro yetu. Wengi walikwama kwa babu. Binti mmoja wa mstari wa mbele aliandika jina moja tu, la bibi yake. Nikamuuliza mbona hujamaliza. Akasimama kwa adabu, "Mwalimu, mimi nimelelewa na bibi, na mama yangu naye alilelewa na bibi."

Nikamwambia akae. Sikuwa na la kuongeza.

Hili si jambo la kushangaa ukijua tuko wapi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, hapa hapa Muleba. Kabla watu hawajapata jina la kitaalamu waliuita ugonjwa huo Juliana, kutokana na nguo za magendo zilizokuwa zikitoka Uganda. Kwa miaka 20 hivi, mpaka dawa za kufubaza virusi zilipoanza kufika, walizikwa watu wa umri wa kati, wale ambao kazi yao ilikuwa kusikia kwa wazee na kuwaambia watoto. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyeanza kazi Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, alichimba Katuruka kule Maruku, kwenye mti wa Kaiija na kwenye mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa miaka 2,000 na zaidi. Alifika pale kwa kufuata masimulizi ya wazee. Aliporudi katika miaka ya 2000 alikuta wazee wale wengi hawapo, na waliotakiwa kurithi habari zao nao hawapo. Wanakijiji wenyewe ndio walioanza kuhangaika kukusanya kilichobaki.

Kwa hiyo kwa familia nyingi za hapa, chanzo cha historia kilichobaki si mzee chini ya mgomba. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu katika ofisi ya parokia.

Tuanze na hayo madaftari, maana wengi tumebatizwa na hatujawahi kuyaona. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, wakiwa na Askofu Hirth ambaye alikuwa amekimbia vita vya Wakatoliki na Waprotestanti kule Buganda. Rubya, ambayo sasa iko wilaya ya Muleba, ilipata seminari yake mwaka 1904. Kila misheni ilitakiwa kuwa na shajara ya kila siku, na kila parokia ilikuwa na vitabu vyake: cha waliobatizwa, cha ndoa, cha marehemu. Vichwa vya habari ni Kilatini, majina ni ya Kihaya, mwandiko ni wa Mfaransa au Mholanzi mwenye haraka. Mtu hakubatizwa kwa kuomba tu leo na kesho akapata. Wale mapadre walikuwa na mafunzo ya miaka minne, kwa hiyo mtu mzima aliyeingia kwenye daftari alikuwa ameshafahamika vizuri. Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika, alibatizwa mwaka 1921 akiwa mtoto wa miaka kama tisa, pamoja na wazazi wake. Yaani familia nzima inaingia kwenye vitabu kwa mara moja, na hapo ndipo historia yao ya kuandikwa inaanza.

Jambo ambalo sikulijua kabisa, na ndilo lililoniponza, ni pambizo la ukurasa. Sheria ya Kanisa inataka kila jambo kubwa la sakramenti ya mtu liandikwe kwenye daftari alilobatiziwa. Ukipata kipaimara, linaandikwa. Ukifunga ndoa Mwanza, Nairobi au Kampala, paroko wa huko anatakiwa kutuma taarifa kwenye parokia uliyobatiziwa, na katekista anaiandika pembeni ya jina lako kwa herufi ndogo. Wewe umeshahama, umeshasahau, nyumba yenu imeshaanguka, lakini daftari linaendelea kukufuata.

Sasa shangazi.

Mwezi wa sita alikuja nyumbani kwetu mama mmoja wa miaka karibu 70 kutoka upande wa Masaka, Uganda. Kihaya chake kimechanganyika na Kiganda. Alisema ni binti wa kaka mkubwa wa babu yangu, yule tunayemwita babu mkubwa, ambaye kaburi lake liko kwenye kibanja anachokilima baba mdogo. Alisema aliondoka akiwa msichana, akaolewa huko, kisha vita ya Amin ikafunga njia. Mnajua habari hiyo: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wa kaskazini ya mto Kagera wakakimbia na vitu vya kichwani tu. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya hapo watu wengi hawakutafutana tena, wengine walidhani wenzao wamekufa.

Hakuomba shamba. Aliomba azikwe karibu na baba yake siku ikifika. Kwa Mhaya hilo si ombi dogo. Kuzikwa kwenye kibanja ni kusema mimi ni wa hapa. Baba mdogo alimpa chai, akamsikiliza kwa heshima zote, akamjibu, "Mama, karibu sana, lakini sisi hatukufahamu." Akaja kutuambia pembeni kwamba leo ni kaburi, kesho ni wanawe na migomba. Bibi alisema anamkumbuka mtoto huyo, alikuwa na kovu shingoni. Baba mdogo akasema bibi ni mzee, anakumbuka kila mtu. Ikawa hivyo. Mgeni akalala kwa jirani.

Mimi nikaenda parokiani.

Katekista, mzee ambaye hapa wote tunamwita Ta kwa heshima, alinikubalia jioni mbili. Parokia na majina nayaacha, mtaelewa kwa nini. Tulianza na miaka ya 1950. Nikampa jina la babu mkubwa kama tunavyoliandika nyumbani. Tuseme Rwegasira, ingawa silo. Tukapekua, hakuna. Faharasa ya nyuma ya kitabu imepangwa kwa majina ya ubatizo, na akina Rosa walikuwa wengi kama senene wa Novemba. Nikaanza kuamini baba mdogo. Ndipo Ta akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaniuliza, "Mwalimu, umetafuta kwenye L?"

Basi hapo ndipo penye kazi ya kweli. Sisi Wahaya hatuna majina ya ukoo ya kurithishana kwa maandishi kama Wazungu. Baba ana lake, mtoto ana lake, ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne yasiyofanana hata herufi. Kinachowaunganisha ni ukoo, mwiko na kijiji, na hivyo havina safu kwenye daftari la Kilatini. Halafu sikio la mgeni. Sauti yetu iliyo kati ya R na L kila padre aliisikia kivyake. Angalieni hata majina ya mahali tunayoyajua: Ihangiro na Ihangilo, Kyamutwara na Kiamtwara, Kianja na Kihanja, Missenyi na Misenyi. Mwanahistoria wetu wa zamani, Francis Lwamgira, aliyeandika Amakuru ga Kiziba, utamkuta kwenye vitabu vingine kwa R. Kama msomi mwenyewe jina lake halitulii, mtoto wa mkulima atatulia wapi?

Usiku ule nilikaa kwenye simu nikitafuta kama kuna watu wengine duniani walioshindwa na majina yao wenyewe. Nikaangukia kwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Sikutegemea. Na wao kwa muda mrefu walikuwa wanaitana fulani mwana wa fulani, bila jina la familia. Mwaka 1787 mfalme Joseph II wa Austria aliwaamuru kuchukua majina ya kudumu ya Kijerumani, na tawala nyingine zikafuata baadaye. Karani Mpolandi aliandika jina hivi, karani Mrusi vile, na huko Marekani likaandikwa vingine tena. Wajukuu walipoanza kutafuta asili yao walikwama kama mimi kwenye R. Mwaka 1985 Wamarekani wawili, Gary Mokotoff na Randy Daitch, wakatunga mfumo wa kugeuza jina kuwa tarakimu sita kufuata linavyosikika, siyo linavyoandikwa. Ukiandika Moskowitz au Moskovitz unapata namba ile ile, na kompyuta inakuletea wote. Yaani kile alichofanya Ta kwa kuvua miwani, wao wakakifundisha mashine. Kwetu zingetosha kanuni chache: R ni L, Ky ni Ki, Mu na M ni kitu kimoja. Mwanafunzi yeyote wa kompyuta hapo chuoni angeimaliza hiyo kazi kwa wikiendi moja, akiwa na mzee mmoja wa kumsahihisha.

Lakini majina ni nusu tu. Karatasi zenyewe zilipatikanaje? Hapa wadau naomba mnivumilie, maana hii habari imenikaa kichwani mwezi mzima.

Mji wa Vilna, leo Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, ulikuwa na taasisi iliyoitwa YIVO, iliyoanzishwa mwaka 1925 kukusanya maisha ya Wayahudi katika maandishi: barua, matangazo ya maigizo, insha za wanafunzi, na madaftari ya jumuiya ambayo wao waliyaita pinkas, yenye kumbukumbu za vyama vya mazishi, michango, ugomvi na makubaliano. Wanazi waliuteka mji mwaka 1941. Kikosi chao cha uporaji kikachagua Wayahudi wenye elimu kutoka geto, kikawalazimisha kuchambua: zilizo bora zipelekwe Frankfurt kwenye taasisi ya kuwachunguza Wayahudi, nyingine zipelekwe kiwandani zikasagwe. Miongoni mwa wachambuzi hao walikuwemo washairi Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski. Watu wa geto waliwaita kikosi cha karatasi. Walichofanya ni kuficha. Jioni walirudi geto na karatasi ndani ya nguo, na getini ungepekuliwa, ukikutwa umekwisha. Watu walikuwa wanatafuta namna ya kuingiza viazi, hawa wanaingiza madaftari. Wengi wa kikosi hicho waliuawa.

Walionusurika walirudi mwaka 1944 wakafukua walichoficha, wakaanzisha jumba la makumbusho. Utawala wa Kisovieti ukalifunga mwaka 1949. Karatasi zikatakiwa kupotea tena. Safari hii aliyeziokoa hakuwa Myahudi. Ni mkutubi Mlithuania, Antanas Ulpis, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya kuhifadhi vitabu iliyowekwa ndani ya kanisa la Mtakatifu George. Alizificha humo humo kanisani, kati ya marundo mengine, na hakusema. Zilianza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2017 likatangazwa fungu jingine la kurasa kama 170,000. Kati ya mwaka 2015 na 2022 YIVO, ambayo siku hizi iko New York, ikishirikiana na hifadhi za Lithuania, ilipiga picha kurasa zaidi ya milioni 4. Karatasi za asili zilizokutwa Vilnius zimebaki Vilnius. Picha zinaonekana popote.

Madaftari ya Wayahudi yameokolewa ndani ya kanisa Katoliki, na mimi naitafuta familia yangu ya Kihaya ndani ya daftari la Wafaransa. Sijui niseme nini, ila nililiona jambo hilo.

Mwenzangu wa chumba hapa TP aliniuliza, sasa Wayahudi wanatuhusu nini sisi watu wa migomba? Nikamwambia wako karibu kuliko anavyodhani. Semei Kakungulu, jenerali wa Buganda, alizaliwa Koki, na Koki ni hapo tu ng'ambo ya mpaka wetu. Mwaka 1919, baada ya kuwachoka Waingereza na kusoma Agano la Kale kwa namna yake, alitahiriwa na wanawe karibu na Mbale akaanzisha jumuiya ya Abayudaya, ambayo ipo mpaka leo. Amin alipotawala aliwapiga marufuku, waliobaki wakasali kwa siri. Kwa hiyo vita ile ile iliyomkatia shangazi njia ya kurudi nyumbani ndiyo iliyowafungulia Abayudaya milango ya masinagogi. Akanyamaza, akaenda kuchemsha maji.

Turudi kwa Ta. Jioni ya pili, kwenye L, alikuwepo. Amezaliwa 1956, amebatizwa mwaka huo huo. Baba, Lwegasira wetu. Mama, jina ambalo hata bibi alikuwa amelisahau, na nilipomtajia baadaye alishika mdomo. Kijiji chetu. Na pembeni, kwa wino wa rangi nyingine na mwandiko mwingine: ndoa, mwaka 1977, parokia moja ya jimbo la Masaka. Padre wa kule alituma karatasi yake mwaka mmoja kabla ya vita, mtu wa huku akaiandika, akafunga kitabu. Miaka zaidi ya 45 hakuna aliyefungua mstari ule.

Nikapiga picha. Ta alikuwa ameniruhusu kupiga mstari ule tu, akaniwekea na karatasi nyeupe ya kufunika mingine. Alipotoka kumwona mtu mlangoni nikaiondoa karatasi, nikapiga ukurasa mzima. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri, nikaona nisipoteze. Ndiyo akili ya kipiga picha hiyo, naikiri. Usiku nikaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ukurasa mzima kama ulivyo, nikaandika chini: ushahidi huu hapa.

Mistari miwili juu ya shangazi kulikuwa na mtoto mwingine. Kwenye safu ya baba padre alikuwa ameandika kwa Kilatini kwamba baba hajulikani. Mtoto huyo ni mzee anayeheshimika sana kijiji cha pili, ana wajukuu, ana kibanja alichokirithi kwa mtu anayejulikana na wote kuwa baba yake. Kwenye kundi letu kuna watu 60 na zaidi. Mpaka saa nne asubuhi ilikuwa imeshafika sokoni.

Paroko aliniita. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kitabu hiki kimekaa humu miaka yote, kimepita tetemeko, na hakijawahi kumvunjia mtu nyumba. Nilikwenda kwa yule mzee na bibi yangu kuomba radhi. Alitupokea, akatupa viti, akazungumza na bibi habari za kahawa muda mrefu. Mimi hakunitazama. Nimejifunza pia, baadaye kama kawaida yetu, kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba mtu aliye hai hageuki kuwa historia kwa sababu ameandikwa kwa Kilatini.

Hapo ndipo nilipoona tofauti na Vilna. Wale waliookoa karatasi walikuwa wanaokoa majina ya watu waliokuwa wanauawa. Jina kuonekana lilikuwa ni ushindi. Sisi madaftari yetu ya 1956 yana watu walio hai, wanakwenda misa ya kwanza, wanakunywa rubisi na majirani zao. Kuyaingiza kwenye kompyuta yote kwa pamoja na kuyaachia mtandaoni itakuwa ni kosa langu lile lile mara elfu.

Lakini kuyaacha yalivyo nako si jibu, na hapa nabishana kidogo na Paroko ingawa sikuthubutu kumwambia. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, liliua watu wasiopungua 16 na kubomoa maelfu ya nyumba. Ihungo na Nyakato ilibidi zijengwe upya. Kitabu cha 1956 nilichokishika mimi kina mchwa kwenye mgongo, na kurasa za mwanzo wino umeshakula karatasi. Nakala yake ya picha haipo. Watafiti walikwishaona thamani yake: Shane Doyle, Mwingereza, aliyatumia madaftari ya parokia za Buhaya kwenye kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu uzazi na vifo kabla ya UKIMWI. Idadi zetu zinasomwa kwenye maktaba za ng'ambo, na mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele hajui jina la babu yake.

Mimi nisingefungua kila kitu. Ningepiga picha zote kwa utaratibu, watu wawili wawili, dirishani, bila mwanga wa kamera, kila picha na jina la kitabu na ukurasa. Nakala moja parokiani, moja jimboni Bukoba. Halafu mtu aje aombe mstari wake, apewe mstari wake, umeandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri. Ya kabla ya 1920 yafunguliwe kwa wote. KKKT nao wana vitabu vyao, wafanye vivyo hivyo wakipenda. Na tusisahau ambao hawamo kabisa: Waislamu wetu wa Bukoba mjini na Kamachumu, waliokataa kubatizwa, wanawake waliohama kabla padre hajafika. Kwao bado inabidi kukaa chini ya mgomba na daftari la shule, mapema.

Kwa nini nasema karatasi ina uzito hivi? Kwa sababu wilaya hii ina historia ya mwanamke na karatasi. Agosti 1988 mama mmoja wa Muleba, aliyerithishwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia halali, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo kwa kuwa alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Mpwa wake akamshitaki kesho yake katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. (Ndiyo, Kashasha ile ile ya ugonjwa wa kucheka wa mwaka 1962, hatuishiwi vituko.) Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila kuuza hapana. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema sheria hiyo inapingana na Katiba. Mwanamke ana haki ile ile kama mwanamume. Wanafunzi wa sheria nchi nzima wanaisoma kama Ephrahim dhidi ya Pastory. Sisi tuliozaliwa kilomita chache kutoka Kashasha hatufundishwi.

Nilimsomea bibi hukumu hiyo kwa kifupi. Akasema, "Shangazi yako hataki kuuza. Anataka kulala."

Wiki ya mwisho ya TP, Ta aliniita. Alikuwa ameunakili mstari wa shangazi kwa mkono wake kwenye karatasi ya parokia, pamoja na lile pambizo, na Paroko amegonga muhuri. Alinikabidhi bila kuniangalia sana, akasema, "Hii haina majirani." Nikaipeleka kwa baba mdogo jioni. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Akaniuliza hii herufi ya kwanza mbona ni L. Nikamweleza. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Akaikunja, akaiweka kwenye Biblia ya babu, akatoka nje kwenda kibanjani, upande wa makaburi. Nilimwona ananyofoa majani makavu ya mgomba pale kwa muda mrefu, mpaka giza.

Kikao cha ukoo ni Desemba. Shangazi ameambiwa aje, na aje na wanawe.